Kabati la seva: pima kina kwanza, hesabu ya U baadaye

Mteja anayetaka kununua kabati la seva, yaani la kufungia kompyuta kuu na vifaa vya mtandao, karibu kila mara huanza na U: "Fundi, nichukue la 9U au la 12U?" Nami humrudishia swali: kifaa chako kirefu kuliko vyote kina sentimita ngapi kutoka usoni hadi mgongoni? Hapo simu hunyamaza.

U ni kimo tu. U moja ni milimita 44.45, na upana wa vifaa vya raki (vinavyofungwa ndani ya kabati hili) ni inchi 19, uwe umenunua Kariakoo au Dubai. Kinachowatesa watu ni kina. Swichi nyingi za mtandao hazifiki hata sm 40. Seva ya 2U hufika sm 70 au kuzidi, na nyuma yake bado unahitaji kama sm 15 ili kebo zipinde bila kuvunjika shingo. Niliwahi kuitwa kwenye shule moja iliyonunua kabati la ukutani la kina cha sm 60 kwa seva ya namna hiyo. Mlango wa mbele ulikuwa umeng'olewa na kuegeshwa pembeni, seva imechomoza kama droo iliyokwama, imeshikwa na skrubu nne za mbele basi. Yale masikio ya mbele yanayopokea skrubu kazi yake ni kuizuia seva isiteleze ikatoka. Kubeba kilo karibu 30 ni kazi ya reli, vile vyuma vya pembeni ambavyo seva huteleza juu yake, na reli hushika nguzo za kabati za mbele na za nyuma.

Kwa ofisi ndogo, zahanati, shule au SACCOS yenye seva moja hadi tatu, mimi nayapanga hivi.

Nafasi ya kwanza: kabati la kusimama la 22U hadi 27U, kina cha sm 100

Hili ndilo ningelinunua kwa fedha yangu. Linaingia mlangoni bila kulazwa, watu wawili wanalisogeza likiwa tupu, na seva ndefu inakaa humo na milango ikafungwa. Dukani angalia mambo matatu. Nguzo za kufungia vifaa ziwe za chuma cha mm 2; zikiwa nyembamba, zitapinda siku ya kwanza ya kuweka UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Mlango uwe wa matundu. Kioo kinapendeza, lakini seva huvuta hewa mbele na kuitema nyuma, kwa hiyo mlango wa kioo ni sawa na kuiziba pua. Tatu, liwe na miguu ya skrubu pamoja na magurudumu. Magurudumu ni ya kusogezea. Likishafika mahali pake, teremsha miguu hadi magurudumu yaache kubeba mzigo, kisha weka pima maji juu.

Uliza pia uzito linaobeba, na uulize mara mbili: likiwa limesimama, na likiwa linasukumwa. Muuzaji atakutajia namba ya kwanza kwa sababu ndiyo kubwa.

Nafasi ya pili: kabati la ukutani la 9U au 12U

Kama huna seva ya raki, yaani una swichi, pachi paneli (paneli ya kuunganishia kebo za mtandao), ruta na mashine ya kurekodi kamera, hili linapanda kuwa la kwanza. Halichukui sakafu, na maji ya kudekia hayalifikii. Tatizo lake ni ukuta. Tofali za bloku zenye uwazi ndani hazishiki fisha ndogo za plastiki zinazokuja ndani ya boksi. Kwenye ukuta mgumu tumia boliti za kutanuka. Bloku zikiwa na uwazi, pitisha boliti hadi upande wa pili na uweke bamba la chuma. Jipsamu usiijaribu kabisa. Kumbuka mzigo wa ukutani hauvuti chini tu: kadiri kifaa kinavyotokeza mbele, ndivyo kinavyong'oa boliti za juu. Ndiyo maana UPS ya betri nzito za risasi sitaki kuiona humo. Iweke sakafuni.

Ya tatu: fremu wazi ya nguzo nne

Rahisi kufanyia kazi, hewa inapita, na nyingi zina nguzo za nyuma zinazosogezwa kufuata urefu wa seva. Ingekuwa juu zaidi kama kila ofisi ingekuwa na chumba kinachofungwa kwa ufunguo na kisicho na vumbi. Ukiwa jirani na bahari, hewa ya chumvi haina kizuizi chochote hapa.

Ya nne: 42U

Kabati zuri kwa aliye na vifaa vya kulijaza. Kwa nje linakaribia mita mbili, kwa hiyo pima mlango na kona ya ngazi kabla ya kulipa. Wengi hulinunua "kwa ajili ya baadaye", halafu U 30 zinageuka stoo ya maboksi.

Fremu ya nguzo mbili nimeiweka mwisho kabisa. Ni ya pachi paneli na swichi nyepesi, na lazima ifungwe sakafuni kwa boliti.

Lolote utakalochukua, ufungaji ndio unaoumiza watu. UPS na vifaa vizito vianze chini kabisa, seva zifuate, swichi juu. Seva ya 2U inuliwe na watu wawili. Ukitoa pawa sapulai na diski kwanza inapungua uzito, ila andika kila diski ilikotoka. Usivute seva mbili nje ya reli kwa wakati mmoja, maana kabati jepesi litakufuata.

Keji nati, zile nati zinazobanwa kwenye matundu ya mraba ya nguzo, zina mchezo wake. Kila U ina matundu matatu, na mpaka kati ya U na U uko pale matundu mawili yanapokaribiana zaidi. Ukianza tundu lisilo lake, kifaa cha juu kitagoma kuingia na utalaumu kiwanda. Masikio ya nati yashike kushoto na kulia ya tundu, siyo juu na chini.

Umeme mpe fundi umeme. UPS ya kVA 3 inahitaji laini yake yenyewe kutoka meini swichi, maana kwa volti 230 inaweza kuvuta ampea 13, ukingo kabisa wa plagi ya kawaida. Waya wa ethi ufungwe kwenye fremu na kwenye milango pia, kwani bawaba na rangi havipitishi umeme vizuri.

La mtumba? Chukua, mradi liwe na paneli zake za pembeni na funguo. Nenda na keji nati moja na skrubu ya M6 mfukoni, ujaribu matundu ya juu, ya kati na ya chini kwenye nguzo zote nne. Kabati lililowahi kuanguka linaonekana sawa kwa macho, ila matundu ya mbele na ya nyuma hayalingani tena, na reli hazitakaa.