Uzoefu wangu: kusimamia wanafunzi katika ziara ya makumbusho ya historia

Huduma ninayoizungumzia hapa ni ziara ya wanafunzi ambayo shule huiwekea nafasi mapema: mwongozaji mmoja, dakika 60 hadi 90, vyumba vitatu au vinne. Naipendekeza kwa moyo wote, mradi ieleweke kuwa mwongozaji amekuja kufundisha historia. Kuwapanga watoto, kuwahesabu na kuwatuliza ni kazi yetu wasimamizi.

Ukubwa wa kundi ndio unaoamua mambo. Watoto 30 kwa mwongozaji mmoja ni wengi mno. Kabati la kioo la kawaida linatazamwa vizuri na watoto sita au saba kwa wakati mmoja. Waliobaki wanaona migongo tu, na fujo huanzia huko nyuma. Wakati wa kuweka nafasi, omba darasa ligawanywe mara mbili, kila nusu ianzie chumba tofauti. Kwa shule ya msingi mimi hutaka kila msimamizi awe na watoto watano au sita, majina yao yakiwa kwenye karatasi mfukoni, kwani simu huzima. Na asimame nyuma ya kundi lake. Akikaa mbele anasikiliza maelezo yeye, huku wa mwisho wakichepuka chumba cha pili.

Hesabu watoto wanaposhuka kwenye basi, wakiingia, kabla na baada ya choo, na kabla ya basi kuondoka. Chooni pawe na msimamizi mlangoni hadi mtoto wa mwisho atoke. Dawa ya pumu ikae kwa msimamizi wa mtoto huyo. Ikiachwa ndani ya basi, dereva anaweza kuwa ameenda kuegesha mbali.

Masharti ya makumbusho huwa yanasomwa haraka mlangoni, na hapo huduma inapungukiwa. Mtoto hutii zaidi akijua sababu, kwa hiyo waelezeni darasani siku moja kabla. Vidole huacha chumvi ya jasho na mafuta ya ngozi yanayokula chuma na shaba. Begi la mgongoni hugonga kioo pale mtoto anapogeuka bila kufikiri. Wino ukirukia kitambaa cha kale hautoki, ndiyo maana penseli pekee huruhusiwa. Makombo huita wadudu, na wadudu hula mbao, ngozi na karatasi. Chumba chenye nguo au nyaraka huwa na mwanga hafifu, mara nyingi karibu na luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa kuwa mwanga hufifisha rangi na rangi iliyopotea hairudi. Simameni mlangoni kwa muda macho yazoee. Wadogo huogopa giza na kujikwaa.

Karatasi ya maswali 20 ndiyo sehemu nisiyoipenda kabisa. Watoto hukimbia kutoka kibao hadi kibao wakinakili tarehe, kifaa chenyewe hawakitazami. Nawapa maswali matatu tu, na moja liwe la kuchora kitu kimoja kwa dakika kumi: kimetengenezwa kutokana na nini, kimechakaa wapi, nani alikishika? Mpini uliolika upande mmoja unawafundisha mengi kuhusu mtu aliyeutumia.

Uliza mapema kama kuna minyororo ya watumwa, picha za vita au mifupa ya watu. Mwongozaji mzuri huanza kwa kueleza watakachokiona na kumruhusu mtoto asubiri nje na msimamizi, na kundi lolote linahitaji msimamizi wa ziada kwa ajili hiyo. Watoto wengine hucheka mbele ya vitu hivi kwa sababu ya woga. Usimkemee hadharani, msogeze pembeni, muulize ameona nini.

Baada ya saa moja hivi usikivu hushuka, hasa kwa wenye umri chini ya miaka kumi. Chakula kipangwe hapo, na sehemu ya kulia iwekewe nafasi pamoja na ziara, kwani makumbusho mengi hayana chumba cha akiba shule mbili zikifika pamoja.