Priampu ya valvu kutoka Luthuli: fungua kwanza kifuniko cha fyuzi

Hii ni priampu, kisanduku kinachopokea sauti ya CD na kuikuza kwa valvu, zile taa za kioo za kizamani, kabla haijafika kwenye amplifaya; niliinunua kwenye duka la Mtaa wa Luthuli, Nairobi. Kabla hujaniuliza sauti ikoje, geuza mashine, zungusha kile kifuniko cheusi cha fyuzi kilicho nyuma, uangalie kilichomo. Yangu ilikuwa na uzi wa shaba. Fyuzi yenyewe iliungua zamani, kioo chake kimeingia weusi. Mtu akachukua unywele mmoja wa waya wa spika, akauzungusha kutoka kofia hii hadi ile, akairudisha mahali pake na kufunga. Kisha akaiuza.

Hebu tupige hesabu. Priampu yenye valvu mbili ndogo haili zaidi ya wati 30. Kwa stima yetu ya volti 240 hiyo ni kama ampea 0.125, kwa hivyo fyuzi yake ni ya miliampea 250, ile ya kuchelewa iliyoandikwa T, maana transfoma hunyakua stima nyingi mara tu unapowasha. Unywele wa shaba wa unene wa milimita 0.2 haukatiki mpaka upitishe takriban ampea 7. Kila kitu humo ndani kingeungua kabla ya huo unywele: transfoma, kapasita (vile vikopo vinavyohifadhi stima), na pazia la sebuleni juu yake.

Na fyuzi haikuungua bure. Mashine ni mtumba wa Marekani, ya volti 120. Dukani wanaijaribu kwa kisanduku cha kushusha stima, valvu zinawaka, muziki unalia, unaambiwa, "Hii ni ya 240, wee chomeka tu." Stika ya bei walikuwa wameibandika chini, juu kabisa ya lebo ya volti. Ningeibandua pale pale dukani ningejiokolea hasira, hilo nakubali.

Transfoma ya volti 120 ukiipa 240, chuma chake hushiba sumaku na koili haina tena cha kuzuia mkondo. Inanguruma kama kinu cha posho. Uzi wa kupasha moto ndani ya valvu, unaotaka volti 12.6, unapata 25. Zile volti za juu, ambazo kwenye hii ni 280 hivi, zinaruka kupita 500, na kapasita zimeandikwa 350. Nilizima kabla sijahesabu hadi kumi. Valvu moja ilikuwa imeshakata uzi, kapasita moja imevimba kichwa na kutoa ule uvundo wa samaki.

Niliirudisha. Yule wa kaunta hakuigusa hata kidogo. "Madam, stima ya kwenu iko na shida. Mwambie mzee akuje, tutaongea na yeye." Nikamwekea fyuzi mbele yake. "Hiyo si yetu." Nikamwonyesha stika yenye mwandiko wake. "Vitu za mtumba hazirudi, madam." Fundi aliyekuwa nyuma, chuma cha kuchomea mkononi, aliitazama ile fyuzi kidogo, kisha akatazama simu yake.

Basi nimeitengeneza mwenyewe, na sasa inanibidi niseme jambo ambalo sikutaka kulisema: mashine yenyewe imejengwa vizuri. Soketi za valvu ni za kauri na zinashika, waya zimepangwa kwa adabu, na transfoma ina koili mbili za kuingizia stima, kila moja ya volti 120, zimefungwa sambamba. Kuipeleka 240 ni kuzifunga mfululizo: mwisho wa ya kwanza kwa mwanzo wa ya pili. Ukikosea upande, sumaku zao zinapingana na fyuzi inakatika hapo hapo, ikiwa unayo fyuzi. Pima omu za kila koili kwanza, yaani ukinzani wake. Zangu zilitoka sawa, kwa hivyo transfoma ilipona. Ni kazi ya dakika kumi. Yule fundi alikuwa na chuma cha moto mkononi na bado akaona afadhali unywele!

Kama unafanya hivi, usichomeke moja kwa moja ukutani. Funga balbu ya zamani ya wati 60 mfululizo na waya wa moto. Iwe ile yenye uzi ndani, LED haikusaidii hapa. Ikimulika kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa, kuna shoti. Wala usiingize mkono kwa sababu tu umechomoa. Kapasita zinaweza kukaa na zile volti 280 muda mrefu. Zimwage kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya wenye plastiki, pima mpaka mita isome karibu na sifuri, na mkono mmoja ukae nyuma ya mgongo. Kapasita iliyovimba niliiwekea mpya ya mikrofaradi 47, volti 450, na mwenzake nikambadilisha pia kwa sababu naye alipigwa na stima ileile.

Haya, sauti. Ilivyokuja na valvu za 12AX7, haifai kwa CD. CD hutoa volti 2 hivi, na amplifaya nyingi za transista zinatosheka na 1 au pungufu. 12AX7 ina kipimo cha ukuzaji cha 100, kwa hivyo kitufe cha sauti hakifiki hata robo na nyumba nzima inatetemeka, na kwenye nyimbo za polepole unasikia msss nyuma ya mwimbaji. Nikachomoa zote mbili, nikaweka 12AU7. Pini ni zilezile, uzi ni uleule, ukuzaji ni kama 20 tu. Msss umekwisha na kitufe sasa kina nafasi ya kuzunguka. Mtu asikuuzie valvu ya 6922 eti kwa sababu nayo ina pini tisa na inaingia. Inaingia, ndiyo, lakini uzi wake ni wa volti 6.3 kati ya pini ya 4 na ya 5, mahali ambapo mashine hii inatoa 12.6.

Kwa rumba za zamani imenishinda kulalamika. Sauti ya mwimbaji imesogea mbele, matoazi hayachomi masikio. Utamu huo si uchawi, ni harmoniki ya pili, mlio wa mtetemo maradufu ya ule wa asili, ambayo valvu inaongeza kwenye muziki, yaani ni upotoshaji, na mimi nimeupenda upotoshaji huo. Kwa benga sijaamua. Lile gitaa la kwanza linatakiwa likate, na hapa limelainishwa kidogo. Siku za benga naipita, CD naichomeka kwenye amplifaya moja kwa moja.

Jambo moja zaidi kwa sisi wa stima ya kupotea. Washa priampu kwanza, ngoja nusu dakika valvu zipate moto, ndipo uwashe amplifaya. Kuzima ni kinyume. Stima ikipotea, inuka gizani uzime amplifaya kwa mkono. Usipozima, ikirudi vyote vinawaka kwa pamoja, na wakati volti za priampu zinapanda, spika zinapigwa teke moja zito. Ikinguruma kwa sauti ya chini hata bila muziki, chomeka priampu, CD na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Usikate pini ya athi, hata fundi akikuapia. Ndani kuna volti 280 na kasha la mashine ni la chuma.

Hapa nilikuwa nimeshaandika nyota nne, maana mashine haina kosa na imenikalisha sebuleni jioni nyingi. Lakini wiki hii nilipita Luthuli. Kwenye kioo cha duka lilelile kuna nyingine, ndugu yake kabisa, ina stika ya bei chini, mahali palepale. Kijana mgeni wa kaunta ananiambia ni ya 240. Nikamwomba anifungulie kifuniko cha fyuzi nione. Akaigeuza, akaitazama, akaniambia, "Hii haifunguki, madam, imekuja hivyo na kiwanda."

Nyota moja. Hicho kifuniko kinafunguka kwa vidole viwili.