Msimu mzima na detekta ya sarafu na binti wa miaka 5: nunueni karoti kwanza

Karoti ni nini nitaeleza mbele; nianze na hela niliyoitupa. Machi mwaka jana binti yangu alimwona mzee mmoja bustanini anapitisha mashine juu ya majani, kavaa spika za masikioni, hana habari na mtu. Mara akapiga goti, akachimba kidogo, akatoa kitu, akakifuta na kukitia mfukoni. Basi, nyumbani hakukukalika. Tunaishi mji mdogo Ohio, Marekani, na bustani ya mji iko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo kila tukipita ni "Baba, na sisi lini?"

Nikaingia mtandaoni nikanunua detekta ya watoto, yaani mashine inayolia ikipita juu ya metali, dola 45, ina mshale kama wa mizani ya buchani na taa nyekundu. Kampuni siitaji, maana ziko nyingi za aina hiyo na zote zinafanana. Nikaweka sarafu juu ya zulia, nikaipitisha: kimya. Nikaisogeza karibu na ukuta wenye waya wa umeme: kelele kama king'ora. Bustanini tulichimba mashimo 6, hatukupata hata kizibo cha soda. Kwenye shimo la sita mtoto alikaa chini, akaitazama mashine, akasema, "Baba, hii muongo." Muuzaji naye akakataa kuipokea kwa sababu boksi lilishachanwa. Nani ananunua zawadi ya mtoto asichane boksi?

Mwezi uliofuata nikapata Garrett ACE 300 ya mtumba kwa dola 180. Hii ni mashine ya watu wazima wanaoanza. Inatumia betri 4 ndogo za kawaida, ina kioo kinachoonyesha namba kuanzia 0 hadi 99 kulingana na aina ya metali iliyo chini, na ina sauti tatu. Chuma kinatoa sauti nene, vitu vya katikati vina sauti ya kati, na sarafu za shaba na fedha zinapiga kama kengele. Siku ya pili tu binti yangu alishazipa majina: chura, bata, kengele. Sasa hata namba siangalii sana, nasikia "Chura huyo, Baba, twende!" tunasonga mbele.

Lakini kuibeba hawezi. Ina kilo 1 na robo, na ukiifupisha mpaka mwisho bado inazidi mita moja, karibu sawa na urefu wake mwenyewe. Wiki mbili za kwanza mimi nilipitisha mashine, mimi nikachimba, yeye akasimama pembeni na kandambili zake akiuliza kama tumemaliza. Wazazi wengi naona wanakata tamaa hapa, na mashine inaishia stoo.

Kilichotuokoa ni kile kidude cha mkono cha kutafutia ndani ya shimo. Detekta kubwa inakuambia kitu kiko hapa chini ya sahani, ile duara ya mwisho wa mashine, ila ukishafunua udongo, sarafu yenye rangi ya udongo ndani ya udongo huioni ng'o. Unachukua kidude hiki, unachokonoa nacho shimoni, kinalia na kutetemeka kadiri unavyokaribia. Changu ni Garrett Pro-Pointer AT, cha rangi ya machungwa, na wapenzi wa mchezo huu Marekani nzima wanakiita karoti. Nilikinunua kipya, dola 130 na kitu. Mke wangu alipoona bei alinyamaza, na ninyi wenye wake mnajua kunyamaza kule kunakuwaje.

Sasa naandika haya kwa ajili ya hicho kidude. Kwa mtoto, karoti ndiyo detekta. Inamkaa mkononi, ina kitufe kimoja, kuingia maji au matope si tatizo, na ule mtetemo anausikia mpaka kwenye kiwiko. Tukagawana kazi: mimi napitisha mashine na kufunua udongo, yeye ndiye mtafutaji. Hakuna anayeruhusiwa kutoa kitu shimoni isipokuwa yeye. Tangu siku hiyo dakika 15 za uvumilivu zikawa saa nzima. Ningejua, dola 45 zile zisingetoka.

Kuhusu mpangilio wa mashine, nina ushauri unaopingana na wanavyofundisha wakubwa. ACE 300 ina mpangilio wa sarafu unaonyamazia chuma na takataka nyingi. Ukiwa peke yako ni raha. Ukiwa na mtoto, unaweza kutembea nusu saa bila mlio wowote, na mtoto wa miaka 5 nusu saa ya ukimya kwake ni adhabu. Mimi naanza na mpangilio wa kupokea kila kitu, tunachimba vitu 4 au 5 hata kama ni misumari, akishapata moto ndipo nahamia kwenye sarafu. Halafu yeye takataka hazioni kuwa takataka. Ana kopo la vile vipete vya kufungulia makopo ya soda, vya zamani vilivyokuwa vinang'oka kabisa, na anavihesabu kuliko sarafu. Vipete hivyo ndivyo vinavyotesa kila mtu, maana namba yake inaangukia karibu na ya sarafu ya senti 5, hapo kwenye 50 na kitu. Mashine haiwezi kukutofautishia. Unachimba tu.

Mahali pazuri pa kuanzia na mtoto ni chini ya bembea. Pale wameweka vipande vya mbao badala ya nyasi, huhitaji kukata kitu, unafukua kwa vidole. Watu wanabembea, mifuko inamwaga. Siku ya kwanza pale tulitoa dola 2 na senti 17, zote za kisasa. Senti moja nyingi zilikuwa zimetoboka pembeni kama zimeliwa na mchwa: kuanzia 1982 zilitengenezwa kwa zinki iliyopakwa shaba kwa juu, na zinki ardhini haidumu. Za kabla ya hapo zilikuwa karibu shaba tupu, hizo zinatoka kijani lakini nzima.

Sarafu za zamani ziko kwenye nyasi, karibu na miti mikubwa. Kwenye nyasi lazima ujue kukata: unakata pande tatu kwa kisu cha kuchimbia, unaliinua pande la udongo na majani yake kama kifuniko, upande wa nne unaacha mizizi ishike. Udongo unaochimba unamwaga juu ya kitambaa, ukimaliza unaurudisha wote, unafunika, unakanyaga. Mtu akipita kesho asijue mlikuwepo. Kanyaga ni kazi ya binti yangu, na anaifanya kwa ngoma.

Agosti, chini ya mti wa mwaloni upande wa uwanja wa besiboli, kengele ilipiga. Namba 82, nikapita kwa upande mwingine, 82 ileile. Nikafunua. Sentimita 10, hakuna kitu. Nikaongeza kidogo. Binti kalala kifudifudi, mkono mzima ndani ya shimo, karoti inalia mfululizo. Akatoa bonge la udongo, akalivunja kwa kidole gumba, na pembeni ikatokea mstari mweupe mwembamba. Shaba inatoka chafu, ila fedha inatoka nyeupe kama imeanguka asubuhi. Ilikuwa senti 10 ya 1941, ile wanayoiita Mercury kwa sababu ya kichwa chenye kofia ya mabawa, ingawa aliyechorwa ni mwanamke anayewakilisha Uhuru, wala si Mercury, mungu wa Warumi wa kale. Zilitolewa kuanzia 1916 hadi 1945. Sarafu zao za senti 10 mpaka za 1964 zina fedha asilimia 90, zilizofuata hazina. Thamani yake ni ya fedha iliyomo, dola chache tu. Nilimzuia asiisugue kwenye gauni, maana mchanga unakwaruza sura. Tuliiosha kwa maji tu.

Jioni tukampigia bibi yake Tanga kwa video. Swali la kwanza: "Mmepata mali ya Mjerumani?" Mliokulia kwetu mnazijua hadithi hizo, za masanduku yaliyofukiwa chini ya mibuyu na watu waliouza mashamba kuyatafuta. Binti akamwonyesha Mercury, kisha senti ya 1944 yenye masuke mawili ya ngano nyuma. "Huo si mpunga?" Tukacheka. Bibi akaanza kueleza mkebe wa baba yake uliojaa senti za tundu, walizokuwa wakizitunga kwenye uzi. Mtoto hakuamini kwamba pesa inaweza kuwa na tundu. Nikamwambia hata neno hela tunalosema kila siku lilitoka kwenye sarafu ya Mjerumani, Heller, aliyoileta mwaka 1904, rupia moja ikiwa na Heller 100. Hakusikiliza, alikuwa anauliza ule mkebe uko wapi sasa. Hakuna anayejua.

Ruhusa. Msiende kichwakichwa. Kabla sijanunua ya pili nilipiga simu ofisi ya bustani ya mji wetu, wakanipa kibali cha mwaka bila malipo kwa sharti la kufukia mashimo. Miji mingine inakataza, mingine inalipisha, kwa hiyo ulizeni kwenu. Bustani za taifa za Marekani ni marufuku kabisa, usiende hata kwa utani. Na ndugu mlioniuliza kama nije nayo likizo tupite Kilwa: hapana. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya 1964 haitaki mtu achimbe bila kibali. Zile sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zina maana kwa sababu wataalamu walizikuta pamoja zilipofukiwa. Zingetawanyika mifukoni mwa watu zingebaki vipande vya fedha tu.

Mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia. Viatu vya mtoto vyenye vitundu vya chuma vinafanya mashine ilie kila anaposogea, nilihangaika siku nzima nikidhani imeharibika. Mfuko wake ukaguliwe pia, siku moja tulifukuza kengele iliyokuwa kigari chake cha chuma. Glavu ni lazima, vioo vipo na sindano zipo. Mikono ioshwe kabla ya biskuti, kwa sababu vipande vya risasi vya kuvulia samaki, metali yenye sumu, navyo vinatoka. Na hapa Ohio kuna kupe, nikirudi namkagua nyuma ya magoti.

Kwa ACE 300 yenyewe natoa nyota 4. Sahani yake inaingia majini bila shida lakini boksi la juu haliwezi, kwa hiyo manyunyu yakianza sisi tunarudi nyumbani, huku mzee yule wa Machi, mwenye ya bei kubwa, anaendelea kama bata. Karoti nyota 5, kasoro yake ni ile betri ya volti 9, ambayo dukani kwetu bei yake inakera.

Sasa ni Januari, ardhi imeganda, kisu hakiingii. Detekta iko kabatini. Karoti haiko kabatini: iko chini ya kochi na binti yangu, na mpaka sasa ametoa senti 36, pini ya nywele ya mama yake na funguo za stoo zilizopotea mpaka tukabadilisha kufuli Novemba.