Nimenunua adui, nikaambiwa nimfikirie mwenyewe

Natoa nyota mbili. Nilikaa chini nikiwa na nia ya kutoa moja, na hasira bado haijaisha, kwa hiyo msishangae ikishuka.

Ni boksi la mchezo wa vita wa mezani wa kucheza peke yako: askari wa plastiki, karata za adui, dadu na kijitabu cha sheria. Idadi ya askari na urefu wao vimeandikwa ubavuni mwa boksi, jisomeeni. (Waosheni kwa sabuni kabla ya kuwapaka rangi, la sivyo itabanduka. Hilo kijitabu hakisemi.) Mimi askari ninao wa kutosha. Nilichotaka ni mpinzani, mtu wa kukaa upande wa pili wa meza wakati nyumba nzima imelala, anitendee jambo ambalo sikulitarajia.

Vita ni Waterloo, Juni 18, 1815. Mimi ni Napoleon wa Ufaransa, karata ndizo Wellington, jemadari wa Waingereza. Na niseme kweli, mwanzo ulinichukua. Kila zamu unafunua karata kwa kila kikosi cha adui: hiki kisonge, hiki kishikilie, hiki kirudi nyuma ya kilima. Kuanzia zamu ya nne unarusha dadu mbili kuwatafuta Waprusia wa Blücher, jeshi la Kijerumani linalokuja kumsaidia Wellington. Ikitoka kumi au zaidi, wametokea ubavuni mwako. Nafasi ni moja kati ya sita. Kwangu walitokea mara ya kwanza tu nilipozirusha! Nililaani, nikacheka, nikawapanga mezani bila kinyongo. Dadu imesema, basi.

Ndipo ikafunuliwa karata ya wapanda farasi wa Uingereza: washambulie adui aliye karibu zaidi. Nikachukua rula. Kushoto kulikuwa na kikosi changu cha miguu kilichojipanga mraba, singe zimetazama nje pande zote nne. Kulia ilikuwepo mizinga yangu, haina mlinzi hata mmoja. Umbali ni ule ule. Nikapima kutoka kwenye kitako anachosimamia farasi, nikapima kutoka kwenye pua ya farasi. Ule ule.

Kijitabu kinasema nini? Kinasema malengo yakilingana, mchezaji achague kwa busara.

Busara ya nani, jamani? Nikiwapeleka kwenye mraba wataumia kwenye singe, na hapo nimejipendelea. Nikiwapeleka kwenye mizinga, nimejikata mkono mwenyewe. Nimelipia mchezo ili nisiwe mtu wa pande zote mbili, na katika dakika ambayo vita inaamuliwa, adui ananigeukia na kuniuliza, "Bwana mkubwa, ungependa nikupige wapi?" Hii ni kama kucheza bao na mtu anayekuomba umhesabie kete zake.

Mwaka 1824 luteni wa Prussia, von Reisswitz, alipowaletea maofisa mchezo wake wa vita, mwamuzi alikuwa sehemu ya mchezo, kati ya pande mbili. Maofisa wazima, watu wa nidhamu, na bado walihitaji mtu wa kati. Anayecheza peke yake mwamuzi wake ni kijitabu. Kijitabu kikinyamaza, hakuna mwamuzi tena.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo tayari. Siku ile yenyewe wapanda farasi wa Uingereza waliteremka, wakasambaratisha askari wa miguu wa Ufaransa, wakapitiliza hadi kwenye mizinga, farasi wakachoka mbali na wenzao, na Wafaransa wenye mikuki wakawaadhibu vibaya. Alasiri ile ile Ney, jemadari wa Napoleon, akaipelekea miraba ya Waingereza farasi wake, wimbi baada ya wimbi, akashindwa kuivunja. Sentensi moja tu ingetosha: umbali ukilingana, farasi huenda kwenye mizinga. Waliotengeneza mchezo wa Waterloo hawakulijua hili?

Niliwaandikia. Siku zikapita, likaja jibu la mstari mmoja: ni mchezo tu, amua upendavyo. Na kikatuni cha tabasamu. Salamu hakuna, pole hakuna. Hapo ndipo nyota ya tatu ilipokufa.

Nikarusha dadu moja. Moja hadi tatu mraba, nne hadi sita mizinga. Ikatoka tano, mizinga yangu ikafagiwa. Halafu, sikilizeni, ikaja sheria ambayo lazima niisifu hata kama sitaki: wapanda farasi wakishinda, lazima warushe dadu ili wasimame, na wakishindwa kusimama wanaendelea kukimbia mbele. Hawakusimama. Zamu iliyofuata hawakusimama tena. Wakapita katikati ya jeshi langu kama vichaa hadi ukingoni mwa meza, na wenye mikuki wangu walikuwa wakiwasubiri pale. Nilipiga kelele nikaamsha watu. Sijawahi kufurahi hivyo mbele ya plastiki.

Kwa hiyo niseme nini? Aliyeandika sheria ya kusimama anajua vita, na sidhani ndiye aliyeandika ule ukurasa wa busara. Waterloo nilishindwa, Waprusia walinimaliza, na nitaicheza tena bila shaka. Zile nyota mbili ziwe tatu? Zingekuwa, lakini dadu iliyookoa jioni yangu sikuisoma popote kwenye kijitabu chao, niliizua mimi. Basi zibaki mbili. Ukinunua, andika ile sentensi ya farasi na mizinga kwa kalamu kwenye ukurasa wenyewe kabla hujapanga hata askari mmoja. Na kama kuna toleo jipya ambalo wamelirekebisha hilo, ongezeni nyota wenyewe, kwa busara.