Kukodi wachoraji wa gemu ya pikseli: uzoefu wangu, bei na mikataba

Tathmini hii inahusu gemu ya 2D ya pikseli, inayotazamwa kutoka juu, inayojengwa kwa Godot (injini, yaani programu ya kuundia na kuendesha gemu), na mandhari yake ni bandari ya pwani yetu: majahazi, mabaraza, wauza samaki. Wachoraji niliwapata kupitia tovuti za Upwork, Fiverr, ArtStation na itch.io. Vipaji vipo tele na bei inabebeka. Tatizo ni kwamba mteja akiomba picha nzuri atapewa picha nzuri, na picha nzuri inaweza kushindwa kabisa kuingia kwenye gemu. Omba faili linalofanya kazi ndani ya injini, ulieleze kwa tarakimu, ulijaribu kabla ya kulipia kazi kubwa.

Tuanze na bei. Mchoraji wa pikseli mwenye uzoefu nimekuwa nikitajiwa kati ya dola 15 na 40 kwa saa. Bei ya saa haisaidii kupanga bajeti, kwa hiyo ulizia bei ya fremu (picha moja ya mwendo) kisha piga hesabu mwenyewe. Mhusika anayetembea pande nne, fremu 6 kila upande, ana fremu 24. Upande wa kushoto ukiwa ni wa kulia uliogeuzwa na injini, zinabaki 18. Kusimama, fremu 4 kwa pande 3, ni 12. Kutupa wavu, fremu 5 kwa pande 3, ni 15. Jumla 45, na huyo ni mtu mmoja. Ukija baadaye kusema "naomba pia awe anabeba kapu kichwani", kutembea na kusimama vyote vinachorwa upya: fremu 30 nyingine. Ndiyo maana orodha ya vitendo hufungwa kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Na kugeuza kuna sharti lake: mhusika mwenye mkoba begani kulia, akigeuzwa, mkoba unahamia kushoto. Ama mvue mkoba, ama lipia upande wa nne.

Maelezo ya kazi yakizidi ukurasa mmoja hayasomwi. Haya yangu huenda kwa Kiingereza chepesi, maana anayesoma yuko Indonesia au Poland, lakini kwa Kiswahili yanasema hivi (kigae ni kipande cha ardhi kinachorudiwa, leya ni tabaka za mchoro, Aseprite ni programu ya kuchora pikseli):

"Skrini ni pikseli 320 kwa 180. Kigae ni 16 kwa 16. Mhusika anakaa ndani ya fremu ya 32 kwa 32, nyayo ziko mstari wa 30 kutoka juu, katikati, katika kila fremu. Rangi ni 32 zilizomo kwenye faili nililoambatisha, hakuna nyingine. Hakuna pikseli yenye uwazi nusu. Mwanga unatoka juu kushoto. Kivuli cha chini usichore, injini inakiweka. Kabidhi faili la Aseprite lenye leya zote na lebo za vitendo: simama_chini, tembea_chini, tembea_juu, tembea_kulia."

Hiyo 320 kwa 180 ina sababu. Ukiizidisha mara 4 unapata 1280 kwa 720, mara 6 ni 1920 kwa 1080, mara 12 ni 3840 kwa 2160, kila mara namba kamili, kwa hiyo pikseli zote zinabaki na ukubwa sawa. Laptopu za 1366 kwa 768, ambazo bado zimejaa huku kwetu, zinachukua mara 4 na kuacha pambizo nyeusi ya pikseli 43 kila ubavu na 24 juu na chini. Mchoraji akilijua hili mapema hatakuletea kazi iliyopimwa kwa macho.

Jaribio la kulipia ndiyo fedha iliyonirudishia zaidi kuliko yote. Mhusika mmoja, hatua za upande mmoja tu, na kipande cha ardhi cha vigae 9. Kwa kawaida huwa dola 40 hadi 80. Usiombe jaribio la bure. Walio wazuri wanakataa, na waliobaki ndio hao. Mafaili yakija, usiyatazame kwenye kitazama picha. Yaingize kwenye Godot, weka kichujio cha tekschari (picha ndani ya injini) kuwa Nearest ili pikseli zisitiwe ukungu, mtembeze mhusika juu ya mchanga na juu ya sakafu nyeusi, rekodi skrini sekunde kumi, mrudishie mchoraji hiyo video. Kwenye Unity, injini nyingine, utaweka kichujio cha Point, ukandamizaji uzime, na pikseli kwa kila yuniti ziwe 16, kwa sababu ya kawaida ni 100 na kila kitu kitaonekana kidogo mno.

Makosa yanayojitokeza pale ni yale yale kila mara. Mhusika anarukaruka akitembea: mchoraji ametoa laha ya fremu (picha moja yenye fremu zote) akiwa amewasha ukataji wa kingo tupu, kila fremu ikapunguzwa kwa kipimo chake, nyayo zikapoteza mstari. Akizima ukataji na kuitoa tena, tatizo limekwisha. Mhusika ana utepe mweupe pembeni akisimama gizani: brashi laini imeacha pikseli zenye uwazi nusu zilizochanganyika na karatasi nyeupe ya nyuma. Wavu unaonekana umechorwa na mkono mwingine: umezungushwa nyuzi 45 au umekuzwa, sasa pikseli zake hazilingani na za aliyeushika. Hili la mwisho halina dawa ila kuuchora upya kwa kila pembe, na mchoraji anayebisha hapo hafai kwa kazi ya pikseli hata kama picha zake zinavutia.

Vigae ndipo bajeti inapovuja bila mtu kuona. Mfumo wa kawaida wa kuunganisha ardhi mbili, tuseme mchanga na maji, una vigae 47. Maji yakicheza kwa fremu 4 ni vigae 188, kwa jozi moja tu ya ardhi. Ukitumia mfumo wa pembe, ambapo kila kigae husoma pembe zake nne, michanganyiko ni 16, mmoja ni mtupu, unachora 15. Kwa fremu 4 ni 60. Tofauti inayoonekana ni ndogo sana kwa macho ya mchezaji, lakini kwa ankara ni zaidi ya mara tatu. Amua wewe kabla ya kutangaza kazi, maana wachoraji wengi wanaohesabu kwa kigae hawatakuambia.

Kuhusu mavazi na vyombo vyetu, picha za mfano ni lazima. Ukiandika "jahazi" peke yake utaletewa mashua yenye tanga la mraba na mlingoti uliosimama wima. Tuma picha ya kutoka ubavuni, chora mshale kwenye tanga la pembetatu, kwenye foramali inayolibeba, na kwenye mlingoti ulioinama mbele kidogo. Kanga nayo ina mtego: kwenye mwili wa pikseli 20 huwezi kupata pindo, mji na jina. Maua yakilazimishwa yanageuka kuwa chenga zinazometameta kila hatua. Kinachofaa ni pindo la rangi moja lenye upana wa pikseli 1, mji wa rangi ya pili, na pengine alama moja ya rangi ya tatu katikati. Mtu wa Mombasa au Tanga ataitambua. Maneno yaache yakae kwenye picha kubwa ya mazungumzo.

Kwa sababu hiyo sasa kazi naigawa. Mchoraji wa Dar au Nairobi anatengeneza karatasi ya mhusika, mbele, nyuma na ubavu, ikiwa kubwa na yenye nguo sahihi. Analipwa kwa simu, na hakuna dalali katikati. Mtaalamu wa pikseli, popote alipo, anaipunguza na kuitembeza. Wachoraji wa vielelezo tunao wengi na wakali. Wanaojua kuhuisha pikseli ni wachache, na wachache hao wana foleni.

Kabla ya kumwamini mtu, kuza kazi yake mara 8 na hesabu rangi. Mchoro wa pikseli wa kweli una rangi 16, 32, labda 50. Uliotoka kwenye akili mnemba una maelfu, na viboksi vyake havina ukubwa mmoja. Omba faili la kazi lenye leya, si picha ya mwisho. Steam, duka la gemu la mtandaoni, tangu Januari 2024 humtaka mwenye gemu atangaze maudhui yaliyotengenezwa na akili mnemba, kwa hiyo anayekuficha anakuingiza wewe kwenye tamko la uongo.

Majukwaa yenyewe. Fiverr humkata muuzaji asilimia 20, naye anaiweka kwenye bei yako. Ukishaletewa kazi ukakaa kimya siku 3, oda inajifunga, kwa hiyo lijaribu faili siku hiyo hiyo. Upwork inakuwezesha kuweka amana kwa awamu, na ukimya unaoachilia fedha ni wa siku 14. Kwa kazi ya miezi naipendelea. Awamu ziwe ndogo: karatasi ya rangi na mhusika mmoja, kisha vigae, kisha wahusika wengine. Masahihisho mawili kwa kila awamu yaandikwe, na ya tatu yawe na bei.

Haki lazima ziandikwe. Sheria ya Marekani haihamishi umiliki bila maandishi yenye saini. Ujerumani haki ya mtunzi haihamishiki kwa mkataba. Unachopata ni kibali cha pekee cha kutumia. Hivyo kifungu kiseme mchoraji anahamisha haki zote, na pale sheria yake isiporuhusu, anatoa kibali cha pekee, cha dunia nzima, kisicho na mwisho, pamoja na kubadilisha na kuuza bidhaa zinazotokana na mchoro. Mruhusu aonyeshe kazi kwenye jalada lake la kazi (portfolio) baada ya gemu kutangazwa, na jina lake liwekwe kwenye orodha ya washiriki. Hilo halikugharimu kitu na linashusha bei.

Picha za duka la Steam mpe mchoraji mwingine, wa kupaka rangi. Agiza 920 kwa 430, 1232 kwa 706, 462 kwa 174, 748 kwa 896, na 600 kwa 900 (hii ya mwisho ni ya maktaba, yaani orodha ya gemu alizonazo mchezaji), zote kutoka faili moja lenye mhusika, mandhari na nembo kwenye leya tofauti, kwa kuwa mpangilio wa picha pana haukai kwenye picha ndefu. Ipunguze ile ndogo hadi 120 kwa 45; jina lisiposomeka, nembo irudi. Tangu Septemba 2022 Steam haikubali alama za wahakiki, tuzo wala punguzo la bei kwenye picha hizo. Nembo ije pia faili peke yake lenye mandhari wazi, kwa sababu kwenye maktaba huwekwa juu ya picha kubwa ya 3840 kwa 1240, na hiyo picha kubwa hairuhusiwi kuwa na maandishi.