Simu nyekundu "ya 1957" yenye kava la 1962: nyota tatu

Simu hii nimeinunua dola 95, na nauli ya kuiletea nyumbani dola 18 juu yake. Muuzaji wa mtandaoni simtaji, maana mwishowe tulielewana. Tangazo lake lilisema: Western Electric modeli 500, nyekundu, ya mwaka 1957, kila kitu cha asili, tarehe zote zinaoana. Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyonitoa pesa. Simu ya 500 ya kawaida, ile ya mezani ya kuzungusha namba, si kitu adimu hapa Marekani. Zilitengenezwa kwa mamilioni kuanzia mwaka 1950, na kwenye minada ya nyumba naziona zimetupwa kwenye boksi pamoja na pasi mbovu. Anayetoa dola 95 analipia tarehe zinazooana.

Nakaa Indianapolis, mashariki ya mji, si mbali na Shadeland Avenue kilipokuwa kiwanda chenyewe cha Western Electric, kampuni iliyotengeneza simu hizi. Nilipohamia hapa kutoka Mombasa sikuwa na habari nacho. Jirani yangu, bibi wa miaka themanini na kitu, ndiye aliyefanya kazi ndani kabla hakijafungwa miaka ya 1980, na ndiye aliyenifundisha kwamba simu haisomwi usoni. Inasomwa matumboni. Karibu kila kipande kina muhuri wake wa mwezi na mwaka.

Basi boksi lilipofika sikukimbilia bisibisi. Niliinusa kwanza. Msicheke. Simu za rangi za miaka ya 1950 zilifinyangwa kwa plastiki laini iitwayo Tenite, na plastiki hiyo ikizeeka hutoa harufu ya samli iliyochacha. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, walianza kuhamia ABS, plastiki ngumu inayong'aa, isiyonuka. Mkonga niliutambua mara moja: samli. Kava halikunuka chochote. Nikaipeleka dirishani, na kwenye mwanga wa jua wekundu wa mkonga ulikuwa umechuja kuelekea tofali, ilhali kava liling'aa kama pipi. Picha za tangazo zilipigwa usiku chini ya taa ya njano. Sisemi ilikuwa makusudi.

Nikaipindua. Chini ya kitako, wino bado unasomeka: C/D 500, na tarehe 6-57. Juni 1957, hapo hakudanganya. Skrubu mbili tu zinashikilia kava. Zilegeze, linanyanyuka zima zima. Nyuma ya gurudumu la namba: 7C, ndilo jina la aina yake, na 4-57. Kengele mbili zimekaa juu ya C4A, 5-57. Kiboksi cha kati kinachopokea waya zote ni 425B, nacho cha Mei. Nikafungua vifuniko vya mkonga, G1 ule mzito unaoweza kumpiga nao mwizi. Kidude cha kusemea, T1: 5-57. Cha kusikilizia, U1: 5-57.

Wapo watakaosema Aprili na Juni hazioani. Zinaoana sana. Gurudumu lilitengenezwa kwanza, likangoja, ndipo simu ikaunganishwa na kitako kikapigwa muhuri. Vipande vikitangulia kitako kwa mwezi au miwili, hiyo ndiyo simu iliyozaliwa pamoja. Cha kutia shaka ni kipande kilichozaliwa baada ya kitako.

Na kava ndilo hilo. Kwa ndani lina mwaka 1962.

Nitamtetea muuzaji kidogo. Kwa miaka mingi, kabla Bell System, lile kundi la kampuni za simu za Marekani, halijavunjwa Januari 1984, mteja wa kawaida hakuimiliki simu, aliikodi. Ndiyo maana nyingine zimeandikwa BELL SYSTEM PROPERTY NOT FOR SALE. Ukihama au ikiharibika, ilirudi karakana, ikasafishwa, kilichovunjika kikabadilishwa kwa chochote kizima kilichokuwa mezani, ikaenda kwa mteja mwingine. Simu ya tarehe mchanganyiko inaweza kuwa halali kabisa, tena ina historia tamu kuliko iliyokaa kabatini. Lakini iliyopita karakana kwa kawaida ina muhuri wa pili, tarehe mpya iliyogongwa kando ya ile ya zamani au juu yake. Yangu haina hata doa. Kwa maoni yangu mtu wa juzijuzi alikuwa na simu mbili mbovu akatoa moja nzuri. Bibi jirani aliligeuza kava mara mbili, akaguna tu.

Kuhusu kufanya kazi sina neno. Gurudumu linarudi kwa sauti ile ile nzuri, na sifuri inapiga mapigo yake kumi ya umeme, yale yanayoieleza laini namba uliyozungusha, bila kukwama. Modemu yangu haielewi mapigo, kwa hiyo nimepachika katikati kibadilishaji kidogo kinachoyageuza kuwa milio ya simu za vibonyezo. Wiki ya kwanza ilikuwa kimya hata mtu akinipigia, nikadhani kengele imekufa. Haikuwa hivyo: kengele ilikuwa imefungwa kwenye waya wa njano, na laini yangu inapita kwenye mwekundu na wa kijani tu. Niliuunganisha wa njano na wa kijani, mwanangu akapiga kutoka simu yake ya mkononi, na paka hajarudi sebuleni mpaka leo.

Ufungaji: mzuri. Mkonga ulifungwa peke yake mbali na kava, jambo ambalo wauzaji wengi hawalifikirii.

Nilimwandikia muuzaji na picha saba za mihuri. Alijibu siku ya pili, akakiri hakuwahi kulifungua kava, alisoma kitako akaishia hapo, na akanirudishia dola 30. Kwa dola 65 nimeridhika. Nyota moja nimeitoa kwa ajili ya neno "zote", nyingine kwa zile picha za usiku.

Sasa natafuta kava jekundu la masika ya 1957. Ukiwa nalo na familia inakulalamikia harufu, usilitupe, niuzie.