Keyword Planner au Google Trends?
Zote mbili ni zana za Google za kuchunguza maneno ambayo watu huyatafuta mtandaoni. Keyword Planner imo ndani ya akaunti ya Google Ads, huduma ya matangazo ya Google. Hukadiria neno hutafutwa mara ngapi kwa mwezi na mbofyo mmoja unaweza kugharimu kiasi gani. Ila kama hulipii matangazo, mara nyingi utaonyeshwa makadirio mapana tu, mathalani 1,000 hadi 10,000, na huwezi kupanga bajeti juu ya pengo hilo. Tena “ushindani” unaotajwa humo ni wa watangazaji, si ugumu wa kupanda kwenye matokeo yasiyolipiwa. Wengi huteleza hapo, wakaacha maneno mazuri bure.

Google Trends, iliyoanza 2006, haitoi idadi, bali kipimo cha 0 hadi 100, ambapo 100 ni wakati neno lilipotafutwa zaidi. Kwa kujua msimu, naiamini zaidi. Maneno nayachagua kwa Planner; mwezi wa kutangaza, kwa Trends.